Shifti ya masaa 12, nakula nini? Protini ya kazini bila longolongo

Haya mambo vipi wapendwa wangu, Bongo mpo, Kenya mpo, Kampala nawaona, karibuni tena jikoni kwangu hapa Dallas, Texas. Leo Jumapili na kama mnavyoona meza yote imejaa makontena, maana Jumapili ndo siku ya kupika chakula cha kazini, kesho naingia saa moja asubuhi natoka saa moja jioni, na hii kazi ya kutunza wazee jamani haina kukaa, unamgeuza huyu, unamwogesha yule, kengele inalia chumba kingine, sasa ukitoka nyumbani na chai na andazi tu, ikifika saa nne njaa inauma na siku bado mbichi kabisa.

Halafu kuna kitu wengi huko nyumbani hawakijui. Sheria ya Marekani ya nchi nzima haimlazimishi mwajiri kumpa mtu mzima muda wa kula. Majimbo mengine yamejiwekea sheria yao, Texas haimo. Kwa hiyo ni sehemu na sehemu, wengi wetu tunapewa nusu saa, mara nyingi hailipwi, na humo humo ndani utembee mpaka chumba cha mapumziko, unawe, upange foleni ya maikrowevu. Ndo maana mimi chakula changu cha kazini lazima kiwe kinalika cha baridi, na kwa mkono au kijiko kimoja, basi, habari ya kisu na uma siitaki.

Ngoja nishushe kamera muone. Mayai haya, nayatia maji yakishachemka, dakika 11, natoa nayatumbukiza kwenye bakuli la maji ya barafu mpaka yapoe kabisa, halafu nagonga upande ule mnene, si unaona pale chini pana kanafasi ka hewa, naingiza kidole gumba hapo, ona, gamba linatoka na utando wake, yai linabaki jeupe halina hata tundu. Yai moja lina protini kama gramu 6. Nabeba matatu, chumvi na pilipili ya unga nafunga kwenye kikaratasi kama wale vijana wa stendi wanavyofanya, na kwa kweli wale vijana wanawalisha watu vizuri kuliko mnavyowapa sifa.

Hizi ni choroko, nimezipika zikauka, zisiwe na mchuzi ukamwagika kwenye begi, nachanganya kitunguu, nyanya, limao nyingi, nakula kama saladi. Kikombe kimoja kilichoiva kina gramu 14 hivi, na mfuko unaupata duka la Wahindi kwa bei rahisi tu. Siku nimechoka kusimama jikoni nanunua kuku mzima wa kuokwa pale Costco, dola 4.99, bei hiyo wameing'ang'ania miaka mingi sana, nachambua nyama yote usiku huo huo na mifupa inakuwa supu. Na mtindi mzito ule wanaouita wa Kigiriki, kikopo kidogo kina gramu 15 na zaidi, ila chukua usio na ladha uweke ndizi yako mwenyewe, wale wa stroberi wengi wamejazwa sukari.

Sasa hii hapa ndo naipenda kuliko zote. Chapati, mayai mawili na kabichi ndani, imekunjwa, Waganda mnaijua, rolex! Naifunga kwenye foili, naila nimesimama koridoni. Na kile kikopo pale ni dagaa wa Mwanza, nimewakaanga mpaka wakawa wakavu wanavunjika mdomoni, nimechanganya na karanga, yaani viganja viwili tu hivi na tumbo limetulia mpaka jioni. Ila dagaa usiwatie kwenye maikrowevu ya kazini, tafadhali, heshimu pua za wenzako.

Nimeyasema haya kwa sababu kila wiki napata meseji, dada nitumie protini ya kopo, ile ya unga. Jamani. Kijiko kimoja cha unga ule kinakupa gramu 20 mpaka 25. Mayai mawili na kikombe cha maziwa, gramu 20, umemaliza. Mtu mzima wa kawaida anahesabiwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, wa kilo 70 ni gramu 56 kwa siku, mwenye mazoezi mazito au mjamzito anahitaji zaidi, mwenye shida ya figo aongee na daktari wake kwanza. Na huku virutubisho vya makopo havipitishwi na FDA, ile mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, kabla ya kuingia dukani, kwa hiyo usidhani kwa kuwa kimetoka Marekani basi kimekaguliwa. Hela ya kopo moja na ya kulisafirisha nunua trei za mayai, kaka yangu, ule na watoto.

Kitu kingine, joto. Texas majira ya kiangazi gari likiegeshwa juani ni tanuri. Chakula cha nyama, mayai, mtindi, kisikae nje ya friji zaidi ya masaa mawili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Dar hiyo ni siku ya kawaida kabisa! Kwa hiyo wewe wa bodaboda, wewe unayeshinda dukani Kariakoo huna friji, mayai nunua yakiwa ya moto, ya kubeba kutwa nzima yawe karanga, dagaa wakavu, korosho ukijaliwa. Mimi nina kimfuko cha barafu, kile cha bluu, kinalala kwenye friza usiku, asubuhi nakilaza juu ya makontena, baridi inashuka chini yenyewe. Haya, choroko zimeshapoa, nizifunge niziingize friji, video ijayo nawapikia hao dagaa mwanzo mwisho.