Usifungue demarea kabla ya kupima

Karibuni, wadogo zangu. Walio mlangoni waingie, nafasi ipo. Demarea, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, sitaieleza zaidi, maana hakuna aprantisi humu ambaye hajawahi kuifungua. Na kesi yangu na ninyi iko hapohapo: mnaifungua mapema mno. Gari likikataa kuwaka, kabla mwenye gari hajamaliza kueleza, fundi yuko chini na spana.

Niwape habari ya papa mmoja dereva wa teksi, wa kule Ndosho, mtaa wa hapa Goma. Kila jioni alikuwa anatafuta mteremko wa kuegesha, ili asubuhi gari liwake kwa kusukumwa. Alipofika kwangu alikuwa amekwisha kununua demarea mbili za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika. Mbili! Ya kwanza haikubadili kitu, fundi akamwambia ni mbovu, akanunua ya pili. Sikugusa nati hata moja. Nilipima betri imetulia, ufunguo haujazungushwa: volti 12.5, nzuri. Nikamwambia azungushe ufunguo: betri ikashuka mpaka 10.4, bado nzuri, kwa sababu tunaanza kuitilia shaka ikishuka chini ya 9.6. Kisha nikapima kwenye demarea yenyewe, kati ya boliti ya waya mnene na bodi yake: 7.1. Sasa niambieni, zile volti 3.3 zilikwenda wapi?

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akazungusha tena. Volti 3.1. Hapo haitakiwi hata 0.3. Waya wa masi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini, ulikuwa umeliwa na kutu chini ya kibanio, una unga wa kijani, na nati imelegea. Barabara zetu za mawe ya volkano hazimsamehi mtu. Nikapiga msasa, nikakaza, gari likawaka. Yule papa hakushangilia. Aliketi kwenye tairi akihesabu kimoyomoyo, na mimi nilijua anahesabu karo ya watoto. Ndiyo maana sitachoka kulirudia jambo hili.

Kuna mtu atasema: mwalimu, mimi ule waya niliupima kwa ohmu, yaani ukinzani wake, mita ikasema ni mzima. Mita haikudanganya, ila uliiuliza swali lisilofaa. Kwa ohmu, mita inapitisha umeme mdogo sana, na hata waya uliobaki nyuzi mbili unaupitisha. Demarea ya gari dogo inavuta ampea 100 na zaidi. Ubovu wa njia unaonekana mzigo unapopita, kama daraja: mtoto akivuka salama, lori bado halijavuka. Kwa hiyo pima volti wakati ufunguo umezungushwa. Upande wa chanya vilevile, kutoka betri mpaka boliti ya demarea, isizidi 0.5.

Mwingine atasema mita hana. Taa za mbele unazo! Ziwashe, kisha zungusha ufunguo. Zikififia sana na injini haizunguki, betri imechoka, au kibanio chake kimelegea, au demarea imekwama. Zikibaki kama zilivyo na husikii kitu, umeme wa kuiamsha haufiki: tazama waya mwembamba wa demarea, ule unaofungwa penye namba 50. Balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili inatosha kuujaribu. Ikiwaka na demarea iko kimya, solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo juu ya demarea, ina neno. Isipowaka, rudi kwenye rile, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, na swichi ya ufunguo, na kama gari ni otomatiki hakikisha gia iko P au N. Sikio nalo lisaidie: tak-tak-tak ya haraka huwa ni betri, tak moja nzito kisha kimya, fuata nyaya nene, halafu demarea.

Na nyundo. Naona mnacheka, lakini mimi sicheki. Ukiigonga ikazunguka, umejua tu kwamba huenda makaa, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, yamekwisha, hujatengeneza chochote. Demarea nyingi za siku hizi zina sumaku za kudumu ndani, na sumaku ya namna hiyo inapasuka ikigongwa. Umekuja na ugonjwa mmoja, unaondoka na miwili.

Muda umekwenda, haya ya mwisho nayapitia mbio. Ukishahakikisha kwa vipimo kwamba mbovu ni demarea yenyewe, toa kwanza waya hasi wa betri. Mezani, ifunge kwenye jiriwa kabla ya kuipa umeme, maana inaruka. Tazama urefu wa makaa, bushi, na meno ya gia. Gia hiyo izunguke upande mmoja tu. Ikizunguka pande zote mbili, ndiyo ile inayovuma bila kusogeza injini. Na kuunganisha 30, yaani boliti ya waya mnene, na 50 kwa bisibisi gari likiwa kwenye gia, hapana! Litakupanda. Habari ya rota, ile sehemu inayozunguka ndani, tutaifanya siku nyingine.

Twendeni nje sasa, kuna ile Corolla nyeupe. Wewe uliyeketi nyuma, washa taa. Wengine nyamazeni tusikilize.