Fremu Kwanza: Mhadhara kwa Anayejenga CNC Yake ya Kwanza, Kisumu

Hamjambo nyote, na karibuni. Naona mafundi wa fanicha, naona wachomeleaji, naona vijana wa vyuo. Mnataka mashine inayochonga mbao kwa kufuata mchoro wa kompyuta, na mnataka kuijenga kwa mikono yenu. Inawezekana. Ila kompyuta tuiweke kando kwanza, kwa maana CNC ya mtu anayeanza haiharibikii kwenye programu. Inaharibikia kwenye chuma: fremu inayopinda, reli zisizo sambamba, skrubu inayocheza ndani ya nati yake. Pesa zenu nyingi ziende huko.

Tuanze na ukubwa. Kila mtu anatamani mashine ya kuchonga mlango mzima. Nawasihi msianzie hapo. Boriti iliyoshikwa ncha mbili, ukiongeza urefu wake mara 2, mzigo uleule utaipinda mara 8. Eneo la kazi la milimita 300 kwa 400 linatosha vibao vya majina, maua ya migongo ya viti, hata sehemu za mashine yenu ya pili.

Boriti inayovuka meza na kubeba rauta, ile mota ya mkono inayozungusha biti ya kukatia, tutaiita daraja. Litengenezeni kwa bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 3. Wachomeleaji mnajua joto huvuta chuma: fremu iliyokuwa sawa jioni, asubuhi imejikunja. Basi shikizeni pembe zote kwa vidoa vidogo, pimeni mishazari yote miwili mpaka ilingane, ndipo mchomelee kwa zamu, upande huu kisha ule unaoutazama. Daraja lenyewe msilichomelee. Lifungeni kwa bolti, matundu yawe mapana kidogo kuliko bolti, kwa sababu mtahitaji kulisogeza baadaye.

Reli ninazopendekeza, za daraja kutelezea, ni SBR16, yaani fimbo ya milimita 16 yenye tako la alumini chini yake kwa urefu wote. Fimbo zinazoshikwa ncha tu ni za bei nafuu, lakini hulegea katikati, mahali hasa biti inapofanya kazi. Kazeni reli ya kwanza kabisa. Ya pili iacheni ilegee, sukumeni daraja hadi mwisho mmoja, kazeni bolti za hapo, sukumeni hadi mwisho wa pili, kazeni tena. Daraja lipite kwa nguvu za vidole viwili. Likikwama mahali, grisi haitasaidia. Legezeni, tieni kipande chembamba cha bati chini ya reli, mjaribu upya. Kazi hii inachosha na inaweza kumaliza siku nzima. Msiikatize.

Skrubu ndiyo inayozungushwa na mota ili nati yake isukume daraja. Ile inayouzwa sana ni T8, kipenyo milimita 8, na nyingi husogeza nati milimita 8 kwa mzunguko mmoja. Ipo dada yake inayosogeza milimita 2 tu, na kwa macho ya haraka zinafanana. Zungusheni mara moja, mpime. Kwa daraja, na kwa rauta inapotembea kando juu ya daraja, ya milimita 8 inafaa. Kwa mhimili wa kupanda na kushuka chukueni ya milimita 2, kwani ile ya mwendo mkubwa, mota ikikosa umeme, inaweza kuzunguka yenyewe kwa uzito wa rauta, na biti ikashuka juu ya kazi yenu.

Hesabu yake ni fupi. Mota ya hatua, yaani inayozunguka kidogo kidogo kwa kuhesabiwa, kwa kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva, kifaa kinachoilisha mota umeme, ikizigawa kila moja mara 8, mnapata 1,600. Gawanyeni kwa milimita 8: hatua 200 kwa milimita. Kwa skrubu ya milimita 2 ni 800. Namba hizo ndizo mnaziandika kwenye GRBL, programu ya bure ya kuongoza mota inayokaa ndani ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta, mistari ya $100, $101 na $102. Kisha amrisheni mashine iende milimita 100, mpime kwa vernia. Ikienda 50 au 200, swichi za draiva zimewekwa vibaya. Ikienda 97, wengi hubadilisha namba ili kipimo kitimie. Hilo ni kosa. Skrubu haidanganyi kwa milimita 3. Kuna kapulingi, kiungo cha mota na skrubu, inayoteleza au mota inayoruka hatua. Pigeni tupa shafti ya mota ipate ubapa, skrubu ndogo ya kapulingi iume hapo.

Kwa umeme nitasema machache. Mota za saizi ya NEMA 23, draiva za aina ya TB6600, saplai ya volti 24. Msichomoe waya wa mota wakati draiva ina umeme, inaweza kuungua. Waya za swichi za mwisho, zile zinazoguswa mhimili unapofika ukingoni, zipitie njia yao, mbali na za mota na za rauta, la sivyo mashine itasimama katikati ya kazi ikidhani imefika mwisho.

Sasa jambo linalotuhusu sisi hasa. Stima ikipotea, mota zinakufa, lakini laptopu ina betri, na Arduino inakula umeme wa laptopu. Mchoro unaendelea kutumwa kwa mota zilizolala. Stima ikirudi, mashine inaanza kukata mahali pasipo pake, na rauta yenye swichi ya kawaida inawaka yenyewe huku mkono wa mtu uko mezani. Saplai na rauta zote zipite kwenye kontakta ya kitufe, swichi ya sumaku, ambayo ikizima haiwaki mpaka mtu aibonyeze. Mguso wake wa ziada, ule unaojifunga kontakta inapozima, uunganisheni kati ya pini A1 ya Arduino na ardhi ya bodi. GRBL itasimamisha kazi. Kisha ipelekeni mashine kwenye swichi za mwisho ijue upya ilipo.

Mkato wa kwanza uwe plaiwudi: biti ya milimita 3.175, kina cha milimita 1 kwa kila pito, mwendo wa milimita 600 kwa dakika, rauta kwenye mzunguko wa chini. Mkiona unga mwembamba na kunusa moshi, biti inasugua badala ya kukata, ongezeni mwendo. Vaeni miwani na barakoa, na mkichonga mawe laini ya Tabaka, Kisii, msiguse kitufe bila barakoa.

Kateni mraba wa milimita 100 na duara. Mishazari ya mraba iwe 141.4 yote miwili. Mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, daraja limekaa mshazari, na hapo ndipo yale matundu mapana yanafaa: legezeni, sogezeni, kateni tena. Duara likiwa na ubapa mahali mhimili unapogeuza mwelekeo, nati inacheza. Wekeni nati yenye springi. Fremu iko hapa mezani, reli ya pili bado imelegea. Nani ataanza kuikaza?