Kanisa Kama Mwenyeji: Mhadhara Kuhusu Tamasha la Sanaa la Jamii

Waheshimiwa viongozi wa dini, wazee wetu, wasanii, na majirani mliokubali mwaliko huu,

Nimeombwa nizungumzie tamasha la sanaa ambalo kanisa letu hapa Mtwara linakusudia kulifanya katika uwanja wake. Nimechagua kulichambua neno moja tu, neno mwenyeji, kwa sababu naamini kwamba kazi yote iliyo mbele yetu inategemea namna tutakavyolielewa. Mwenyeji hutandika mkeka, huleta maji ya kunawa, kisha humwacha mgeni aseme lililomleta. Kanisa katika mikoa hii ya Kusini halikuwa mwenyeji wa namna hiyo sikuzote, na ni vyema tukiri hivyo mapema, maana baadhi ya wazee tunaotaka kuwaalika walikua wakiambiwa kwamba ngoma zao hazikubaliki mbele ya Mungu.

Hata hivyo historia yetu ina upande wa pili, na upande huo unanipa moyo. Wamisionari wa Kianglikana waliofika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani walizikuta jamii ambazo mtoto wa kiume hakuhesabiwa kuwa mtu mzima bila kupita jandoni. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926, alikataa kulifuta jando. Badala yake alishirikiana na mapadre Waafrika kulipa sura ya Kikristo. Wapo waliomlaumu, na hata leo mtu anaweza kuuliza kama kanisa lilikuwa na haki ya kulishika jambo ambalo si lake. Kwa upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ndio uliofungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji ndani ya ibada, na leo hakuna anayeshtuka kusikia ngoma wakati wa matoleo.

Basi mkeka tumekwisha kuutandika. Swali ni nani ataketi juu yake, na kwa masharti ya nani.

Nianze na vinyago, kwa kuwa najua ndivyo vitakavyoleta ubishi. Wachongaji wa Kimakonde wanayo mitindo mingi, na mmojawapo, ambao mwanzo wake unahusishwa na Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, unaitwa shetani. Muumini akilisikia jina hilo ndani ya ua wa kanisa atauliza, naye ana haki ya kuuliza. Lakini katika Kiswahili cha pwani mashetani ni viumbe wa aina nyingi, wengine wa kutisha na wengine wa kuchekesha, na sanamu hizo za mpingo, zenye viungo vilivyopinda na jicho moja mahali pa mawili, si sanamu za kuabudiwa. Ningependa ziwekwe mahali pa wazi, na mchongaji mwenyewe akae kando ya kazi yake aieleze kwa maneno yake. Bei apange yeye, na fedha apokee yeye, kwa sababu vinyago vingi vya watu wetu huuzwa Dar es Salaam kwa watalii, huku watoto wa Newala na Tandahimba wakikua bila kuviona.

Mapiko, ngoma ya Wamakonde inayochezwa kwa kuvaa kinyago, ni jambo jingine kabisa. Kinyago kile huchongwa kwa mti mwepesi kwa kuwa huvaliwa kichwani, na mwili wa mchezaji hufunikwa ili asijulikane ni nani. Siri hiyo ndiyo uhai wa mchezo wenyewe. Mpiga picha akimfuata mchezaji nyuma ya ukumbi wakati anavua, tutakuwa tumemvunjia heshima mgeni nyumbani kwetu. Vivyo hivyo sindimba, ngoma nyingine ya Wamakonde, ambayo ilipopelekwa majukwaani baada ya Uhuru wengi walibaki kukitazama kiuno tu, ina wenyewe wanaojua ni sehemu gani inafaa kuonyeshwa hadharani na ipi ibaki unyagoni.

Yapo pia mambo madogo ambayo kwangu ni makubwa. Ngoma za kuwambwa ngozi huhitaji kuoteshwa moto ili zipate sauti, kwa hiyo mlinzi wa uwanja aelezwe mapema asije akauzima moto wa wapigaji. Majirani zetu wengi ni Waislamu: mbuzi na kuku wachinjwe na Mwislamu ili sote tule sahani moja, na Ijumaa mchana pasiwe na onyesho lolote. Tarehe isiangukie msimu wa korosho, kwani kuanzia Oktoba watu wako mashambani na kwenye maghala; kiangazi cha Julai na Agosti kinafaa zaidi.

Kabla hata ya tarehe hiyo kupangwa, naiomba kamati iteue watu watatu wapande Uwanda wa Makonde, waketi na wazee wa ngoma, na wawaulize kinachoweza kutoka na kisichoweza kutoka. Wasiende na ratiba iliyokwisha kuchapwa. Mimi niko tayari kuwa mmoja wa hao watatu.