TV ya Chogo Nayo Inaonyesha YouTube: Leo Tunaifunga Mikindani

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo vipi. Leo niko Mikindani, sebuleni kwa mama mkubwa, na hii mnayoiona ndiyo TV yake. Inchi 21, ya chogo, yaani ile yenye mgongo mrefu. Kioo kizima, rangi bado safi, sauti inasikika mpaka barazani. Ameambiwa na watu zaidi ya mmoja aitupe, asubiri hela ya korosho anunue bapa. Mimi nimemwambia asiitupe. Anachotaka yeye ni mawaidha asubuhi na taarab jioni kutoka YouTube, na hilo TV hii inaliweza kabisa. Twende kazi.

Kabla hujatoa hata shilingi, igeuze TV uangalie mgongoni. Leta kamera hapa. Mnaona matundu matatu: njano, nyeupe na nyekundu. Njano ni picha, nyeupe sauti ya kushoto, nyekundu sauti ya kulia. Ni haya haya tunayochomekea king'amuzi, kwa hiyo nyumba nyingi zinayafahamu tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa mwisho wa 2012. TV nyingine zina mawili tu, njano na nyeupe. Hiyo isikutishe, waya mwekundu utauacha uning'inie, sauti itatoka. Kama TV yako ni bapa, tafuta tundu pana lililoandikwa HDMI. Ukilikuta, kazi yako ni nyepesi: unachomeka TV boksi, kile kifaa kinacholeta YouTube kwenye TV, moja kwa moja na kuruka maelezo yangu ya konveta.

Na wenye TV smati za zamani, msihangaike na YouTube iliyomo ndani. Kwa TV za 2012 kurudi nyuma, programu ile ilikatwa mwaka 2015. Kwenu pia dawa ni boksi.

Sasa manunuzi. La kwanza ni TV boksi yenyewe. Chukua yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 au zaidi, na yenye mfumo wa Android TV au Google TV halisi. Boksi za bei ya kutupa zinazoahidi chaneli zote za dunia bure mziache dukani. Juni 2025 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu vifaa vya aina hiyo: vingine vinatoka kiwandani vikiwa na programu za wizi, na vikishashika intaneti ya nyumbani kwako vinatumiwa na wahalifu. Kumbuka hiyo ni intaneti ile ile unayofanyia miamala ya pesa kwenye simu.

La pili ni konveta, hiki kiboksi kidogo kama kiberiti kinachogeuza picha ya HDMI iingie kwenye matundu ya rangi. Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Konveta ziko za aina mbili na kwa sura zinafanana. Moja imeandikwa HDMI2AV, nyingine AV2HDMI. Ile mbili ya katikati inasomeka kama "kwenda". Sisi tunatoa HDMI kwenye boksi kwenda AV, yaani yale matundu ya rangi, kwenye TV, kwa hiyo tunataka HDMI2AV. Nilipomfungia baba mdogo kule Lindi niliuziwa ya kinyume. Nilikesha nikichomeka na kuchomoa, nikaamini TV imekufa, kumbe TV ni nzima. Soma maandishi juu ya kifaa chenyewe, usisome boksi la karatasi peke yake. Boksi nyingine za TV zina tundu dogo la duara la AV, na waya wake wa rangi tatu unakuja ndani ya pakiti. Hizo hazihitaji konveta.

Haya, vifaa tunavyo. Zima TV, chomoa kabisa ukutani. Kifuniko cha nyuma usikifungue hata kidogo, hata kama umeme umeshautoa: kioo cha chogo hutunza umeme wa maelfu ya volti baada ya kuchomolewa. Sisi kazi yetu ni matundu ya nje tu.

Tazama haya matundu kwa karibu. Mnaona huo ukungu wa kijani kwenye tundu la njano? Hiyo ni kutu ya chumvi. Mikindani, Shangani, popote bahari inapopuliza, chuma cha nje kinaliwa. Tundu likiwa hivi picha inacheza, au inakuja na mistari, na fundi anaweza kukutoza kwa ugonjwa ambao haupo. Chukua pamba, iloweshe spiriti kidogo, zungusha nje ya tundu na ndani. Angalia pamba ilivyotoka nyeusi. Rudia mpaka itoke safi, halafu acha pakauke dakika kumi.

Sasa tunaunga. Waya wa HDMI kutoka boksi unaingia kwenye konveta. Upande wa pili wa konveta, njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu, mpaka mgongoni kwa TV. Sukuma mpaka uhisi imekaa. Konveta nayo inataka umeme wake, volti 5, kupitia waya mdogo wa USB. Tumia chaja ya simu iliyo nzima. Umeme usipotosha, picha itawaka na kuzima, na wewe utalaumu mtandao.

Washa TV, kisha boksi. Kwenye rimoti ya TV bonyeza kitufe cha AV. Kama rimoti imepotea, nyingi zina kitufe hicho mbele, chini ya kioo. Subiri... Picha imekuja, lakini ni nyeusi na nyeupe! Usiite fundi. Ubavuni mwa konveta kuna swichi ndogo, upande mmoja PAL, mwingine NTSC, ndiyo mifumo miwili ya rangi za TV. TV zetu ni za PAL. Isukume kwa ukucha. Mnaona? Rangi imerudi yote.

Tatizo jingine ni maandishi ya pembeni kukatwa, kwa sababu chogo huvuta picha kupita ukingo wa kioo. Ingia kwenye mipangilio ya boksi, sehemu ya skrini, punguza ukubwa wa picha mpaka kona zote nne zionekane.

Tunahamia kwenye intaneti. Mama mkubwa hana Wi-Fi, tunatumia hotspoti ya simu. Boksi isipoiona simu yako, ingia mipangilio ya hotspoti uchague bendi ya 2.4 GHz, maana boksi nyingi za bei ndogo haziioni ile ya 5. Na kama umeme ulikatika, ukarudi, YouTube ikagoma wakati mtandao upo, angalia tarehe. Boksi nyingi hazina betri ya kutunza saa. Tarehe ikirudi nyuma miaka, programu zinakataa kuunganishwa. Rekebisha tarehe, itafunguka.

Na hili la bando nalisema kwa moyo wote. TV ya PAL inaonyesha mistari 576 ya picha, basi. Ukifungulia video ya 1080p, yaani mistari 1080, humu ndani, ile ziada yote unailipia na kioo hakiwezi kuionyesha. Netflix wenyewe, wale wa filamu za mtandaoni, wanahesabu kama GB 0.7 kwa saa kwa ubora wa kati, na mpaka GB 3 kwa saa kwa HD. Kwa hiyo kwenye kila video bonyeza alama ya gurudumu, chagua 480p. Hapa nimeweka 480p. Sasa naweka 1080p. Mama mkubwa, unaona tofauti?

"Sioni, mwanangu."

Basi turudi 480p.

Kuandika kwa rimoti kunachosha. Kwenye YouTube ya TV ingia mipangilio, chagua kuunganisha kwa namba za TV (TV code), zitatokea kwenye kioo, kisha ingiza namba hizo kwenye YouTube ya simu. Kuanzia hapo unatafuta kwa simu, TV inacheza. Simu haihitaji hata kuwa kwenye Wi-Fi moja na TV. Binti yake aliyeko Masasi ataweza kumchagulia mawaidha akiwa huko huko.

Ukimaliza kuangalia, zima boksi kwa rimoti, zima TV, halafu chomoa ile chaja ya konveta. Konveta haina swichi ya kuzimia. Ukiiacha inabaki na joto usiku kucha.

Mama mkubwa anauliza kama anaweza kukaa na taarab yake mpaka magharibi. Zimebaki GB 2, na tuko 480p. Kaa tu, mama.