Vua Sauti ya Belafonte, Sikiliza Kinachobaki

Ndugu wasikilizaji, tuanze na mkungu wa ndizi. Katika bandari za Jamaika meli za ndizi zilipakiwa usiku kucha. Makuli walibeba mikungu kichwani hadi melini, na karani alihesabu kila mkungu, kwani ujira ulitokana na hesabu yake. Alfajiri ikiingia, watu wamechoka, wanamwita karani aje ahesabu ili waende zao kulala. Hayo ndiyo maudhui yote ya wimbo wa "Day-O". Mmoja anatupa mstari, wenzake wanaitikia maneno yaleyale kila mara. Sisi wenye nyimbo za wawe za shambani na kimai za baharini hatuhitaji kuelezwa sana: kiitikio hakibadiliki kwa sababu mwenye mzigo kichwani hana nafasi ya kukumbuka maneno mapya. Anachohitaji ni mahali pa kutolea pumzi.

Wimbo huu watu wengi wanaujua kwa sauti ya Harry Belafonte, aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1927 na kufariki 2023, na ambaye sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika. Lakini hakuwa wa kwanza kuurekodi. Edric Connor, mwimbaji kutoka Trinidad, alikuwa ameshaurekodi mwaka 1952. Na sura tunayoijua leo ilitokana na kazi ya watu wengine wawili, ambao ningependa majina yao yatajwe kila linapotajwa la Belafonte.

Wa kwanza ni Irving Burgie, ambaye kwenye majalada ya santuri mtamkuta kwa jina la Lord Burgess. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1924, mama yake mtu wa Barbados. Baada ya vita vikuu vya pili alisoma muziki chuo cha Juilliard. Wa pili ni William Attaway, mwandishi wa riwaya, ndiye aliyemkutanisha Burgie na Belafonte. Mwaka 1955 waliandaa nyimbo za Karibi kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha NBC, na kutoka hapo ikazaliwa santuri iliyoitwa Calypso, iliyotoka 1956. Ina nyimbo 11. Nane kati ya hizo zina mkono wa Burgie. Santuri hiyo ilikaa kileleni mwa orodha ya santuri ya jarida la Billboard la Marekani kwa wiki 31.

Burgie alifanya nini hasa? Alichukua vipande vya nyimbo za zamani za visiwani na kuvishona upya. "Jamaica Farewell" ni mfano mzuri: ndani yake mna nyuzi za nyimbo za kale, lakini beti ni zake. Alifupisha mistari hadi kila mmoja utoshe pumzi moja. Alilainisha lahaja ya Jamaika ili mtu wa Chicago aielewe, ila mapigo ya usemi akayaacha palepale. Kuna kilichopotea, na ni lazima tukiseme: mafumbo. Nyimbo za mento, muziki wa asili wa Jamaika, zimejaa maneno ya pande mbili, mithili ya taarabu za mipasho, na mengi ya hayo yalichujwa. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara kweli, hata kama ndiyo bei iliyolipwa ili nyimbo zivuke bahari.

Nimesema mento, na hapa watu wengi hukosea. "Day-O" si kalipso. Ni wimbo wa kazi wa Jamaika. Kalipso ni ya Trinidad: mtunzi anaimba mwenyewe, anachambua mambo ya siku hiyo, anashindania taji wakati wa kanivali. Mwaka huohuo wa 1956 taji la Trinidad lilichukuliwa na Mighty Sparrow, na Belafonte hakuwania. Jina la "mfalme wa kalipso" lilitokana na matangazo ya biashara. Kalipso halisi alizoziimba zilikuwa na wenyewe. "Matilda" na "Man Smart" ni za Norman Span, aliyejiita King Radio, na zilivuma Trinidad tangu miaka ya 1930.

Sasa tuje kwa wapigaji. Belafonte alipoanza kuimba klabuni Royal Roost, New York, mwaka 1949, alikuwa akiimba nyimbo za jazi za mapenzi, na usiku wa kwanza walimsindikiza magwiji wa jazi: Charlie Parker, Max Roach, Tommy Potter na Al Haig. Ni bahati ambayo mwimbaji chipukizi haipati mara mbili. Hata hivyo, sauti yake haikupata makao humo. Ilipata makao alipogeukia nyimbo za asili na kusimama na gitaa moja.

Gitaa hilo, kwa miaka mingi, lilikuwa la Millard Thomas. Msikilizeni kwenye "Jamaica Farewell". Wimbo mzima unasimama juu ya kodi tatu, yaani mafungu matatu ya sauti zinazopigwa pamoja. Ukiupiga kwenye G, ni G, C na D7, basi. Kwa sababu kodi ni chache, kosa lolote linasikika. Wanafunzi wa gitaa wanapoujaribu huharibu kwa njia mbili. Kwanza, wanapiga nyuzi zote sita kwa nguvu kila pigo, na sauti ya mwimbaji inazama. Dawa yake ni kidole gumba kishike nyuzi nene kwenye pigo la kwanza na la tatu, vidole vingine viguse nyuzi nyembamba katikati ya mapigo, kwa wepesi. Pili, mwendo unawakimbia. Wimbo mtamu huvuta mkono, na kufikia ubeti wa tatu umegeuka mchakamchaka, mwimbaji hana tena pa kupumulia. Ndiyo maana nyuma ya gitaa kulikuwa na besi ya Norman Keenan na bongo za Danny Barrajanos. Bongo huchangamsha, lakini breki ni besi. Besi ikikimbia, hakuna wa kuwaokoa wengine.

Tabaka la tatu ni waitikiaji. Robert De Cormier, ambaye kwenye baadhi ya majalada ameandikwa Robert Corman, aliongoza kwaya ya Belafonte na pia okestra. Kazi ya kwaya ya aina hii ni ngumu kuliko inavyosikika. Wakiimba kwa usafi wa kanisani, makuli wanatoweka. Wakiachia sauti ovyo, maneno hayasikiki. Na wakiingia kabla manju, yaani kiongozi wa wimbo, hajamaliza neno lake la mwisho, mvutano wote unakufa, maana utamu wa kuitikia uko katika ile nukta ndogo ya kungoja.

Yote haya yanasikika katika maonyesho ya ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 19 na 20 Aprili 1959. Fundi sauti Bob Simpson alipata tuzo ya Grammy kwa kuyarekodi, na aliistahili. Mwimbaji anatembea jukwaani, anageuka, anazungumza na watu, ukumbi unacheka, okestra iko nyuma, na hakuna kurudia. "Matilda" peke yake inapita dakika 11, kwa sababu Belafonte anaigawa hadhira makundi makundi na kuifanya iimbe kiitikio.

Kundi hili lilikuwa chuo pia. Ralph MacDonald, mtoto wa mwanakalipso wa Trinidad aliyeitwa Macbeth the Great, aliingia akiwa na miaka 17 kama mpigaji wa pipa la chuma, akakaa takriban muongo mmoja. Humo alifanya kazi na mpiga besi William Salter. Wawili hao ndio watunzi wa "Where Is the Love", iliyoimbwa na Roberta Flack na Donny Hathaway mwaka 1972. Na mwaka 1962 kijana mmoja alialikwa kupuliza harmonika kwenye wimbo wa "Midnight Special". Jina lake Bob Dylan.

Nimemweka Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, mwisho kwa makusudi. Belafonte alikutana naye London mwaka 1959 na kumsaidia kuingia Marekani. Mwaka 1965 walitoa santuri ya pamoja, iliyopangwa kimuziki na Jonas Gwangwa, mpiga tromboni wa Afrika Kusini, nayo ikapata Grammy. Nyimbo nyingi humo kila mmoja anaimba peke yake, kwa Kixhosa, Kizulu na lugha nyingine za huko. Lakini "Malaika" wameimba pamoja, kwa Kiswahili. Wimbo ulikuwa umerekodiwa Nairobi na Fadhili William, na ubishi wa nani aliutunga, yeye au Adam Salim, haujazimika hadi leo. Makeba aliimba "ningekuoa", kitenzi cha mwanamume. Mwanamke wa Kiswahili angesema "ungenioa". Alilipokea neno kama alivyolikuta, na dunia ikajifunza wimbo hivyo.

Sasa tutauweka kwenye spika. Mzunguko wa kwanza msimsikilize Makeba wala Belafonte, fuateni besi tu. Mzunguko wa pili fuateni gitaa. Wa tatu, waacheni wenyewe waimbe.