Kulivisha Lori la M35 Deraya ya Mfano: Boksi la Kuta Mbili

Haya, wapenzi wa magari makongwe, karibuni tena. Kwa wageni, hili nyuma yangu ni M35A2, lori la jeshi la Marekani, ekseli tatu na zote zinavuta. Injini, breki na nyaya tulishazimaliza kwenye video zilizopita. Leo tunalivisha deraya.

Kabla sijashika grenda, niwaambie tunaiga nini, maana ukiiga kitu usichokijua utaishia na sanduku la bati juu ya lori. Tarehe 2 Septemba 1967, huko Vietnam, msafara wa malori 37 ulikuwa ukirudi Qui Nhon kutoka Pleiku kwa Barabara ya 19. Karibu na An Khe ukaviziwa. Malori 30 yaliteketea au kuharibika, watu 7 wakafa na 17 wakajeruhiwa. Madereva wale walikuwa watu wa kusafirisha mizigo. Hawakungoja kiwanda kiwaletee kitu. Walichukua baadhi ya malori yao wenyewe, wakapanga mifuko ya mchanga na mbao kwenye bodi, wakafunga rashasha na kuyachanganya na malori mengine ya msafara. Mvua zikanyesha, mchanga ukanywa maji, lori likalemewa. Ndipo wakaanza kusaka mabamba ya chuma popote yalipopatikana na kujenga kuta. Baadaye wakaongeza ukuta wa pili kwa ndani na kuacha uwazi katikati, ili risasi ikipenya wa nje iwe imechoka kabla ya kuufikia wa ndani. Boksi hilo la kuta mbili ndilo tunalojenga leo.

Mimi kila nikitazama picha za malori yale nakaa kimya kidogo. Yale yalijengwa na vijana waliotaka kufika salama jioni. Kwa hiyo tunapoiga, tuige kwa heshima.

Sasa hesabu, na hapa naomba usirushe video mbele. Bamba la chuma la mita moja ya mraba, kwa kila milimita moja ya unene, lina karibu kilo nane. Boksi letu lina urefu wa mita 3.6, upana mita 2.2, kwenda juu mita 1.2. Kuta za nje peke yake ni kama mita 14 za mraba. Ongeza za ndani, unafika 27. Ukitumia bamba la milimita 10 kote, hizo ni zaidi ya kilo 2,100. Lori hili nje ya lami limepangiwa kubeba kama kilo 2,270. Yaani deraya tu imekwisha kula mzigo wote, bado rashasha, risasi na watu. Ndiyo sababu kazi hii baadaye ilihamia zaidi kwenye malori makubwa ya tani tano, M54.

Sisi hatupigwi risasi. Tunataka lori lionekane zito huku likiwa jepesi. Kwa hiyo ukuta wa nje ni bamba la milimita 2, kama kilo 220 zote. Ukuta wa ndani ni plaiwudi ya milimita 12, kama kilo 100 na kidogo. Fremu ni skwea paipu ya 40 kwa 40. Jumla tuko chini ya kilo 500, na breki zitanishukuru.

Najua kuna mtu atasema plaiwudi ni udanganyifu. Ikishapigwa praima na rangi, gonga tu ndipo utajua. Na wageni wengi wanaliangalia boksi kutoka chini, wanachokiona cha ndani ni ukingo wa juu. Huo ukingo ndio tutauhangaikia, subirini.

Kwanza usalama, haraka. Ondoa waya za betri zote mbili, hili ni gari la volti 24. Tangi la mafuta liko ubavuni, lifunike kwa blanketi la kuzuia moto na weka mtungi wa kuzimia karibu. Miwani, glavu, barakoa. Bamba lenye zinki usilichomelee kabla hujalisaga zinki yote, moshi wake unaumiza mtu. Twende.

Fremu. Nakata paipu: nne za urefu, nne za upana, za wima kumi. Hii mnaijua, sitawachosha. Dogo, harakisha picha hapa.

Sawa. Fremu imesimama juu ya bodi. Nimepima mshazari kona kwa kona, pande zote mbili zimelingana, basi iko mraba. Na sasa...

Simameni hapa. Dogo, sogeza kamera, onyesha nyuma ya kebini. Karibu zaidi. Mnaona hapa kati ya kebini na ukuta wa mbele wa boksi? Hii nafasi. Milimita 75. Vidole vinne vya mkono vinaingia. Nafasi hii USIIZIBE. Usiweke bamba la kuunganisha, usiweke chuma cha pembe, usipige hata nukta moja ya kuchomelea kati ya boksi na kebini.

Nawaambia kwa nini. Chasisi ya lori hili imetengenezwa ijipinde. Gurudumu moja likipanda jiwe, chasisi inajisokota, kebini inaelekea huku na bodi inaelekea kule. Tazama boliti za mbele za bodi, hizi hapa chini, zina springi. Zimewekwa hivyo makusudi, ili bodi icheze. Lori langu la kwanza niliunganisha deraya ya kebini na boksi kwa vyuma viwili vya pembe, kwa sababu kwenye picha moja ya zamani niliona kama vimeshikana. Likapendeza sana likiwa limesimama. Nikavuka mtaro kwa mshazari, mwendo wa kutembea kwa miguu, nikasikia mlio kama kuni inavunjwa. Kioo cha nyuma cha kebini kilipasuka, mlango wa dereva ukagoma kufunguka, na kona ya kebini ikachanika kwenye bati. Kazi ya miezi ilinirudisha gereji kwa wiki nyingi.

Basi nafasi. Vidole vinne.

Tuendelee. Mabamba ya nje. Nimeyakata kwa kufuata kadibodi. Kata kadibodi kwanza, ishikilie ubavuni, rudi nyuma hatua kumi, tazama. Kadibodi ukikosea unatupa. Bamba ukikosea unalia. Mimi napenda upande wa juu uwe umenyooka kabisa na kona ya nyuma ikatwe kidogo kwa mshazari, ni chaguo langu tu, malori ya wakati ule hayakufanana, kila kikosi kilijenga kwa akili yake na kwa chuma kilichopatikana. Kwa hiyo chagua lori moja la kwenye picha ulifuate hilo. Usichanganye mbele ya hili na nyuma ya lile. Ukipata nafasi ya kufika Marekani, jumba la makumbusho ya usafirishaji la jeshi lao, Fort Eustis, Virginia, lina Eve of Destruction, M54 iliyorudi kutoka Vietnam ikiwa na boksi lake. Hiyo ndiyo ya kuiangalia kwa karibu.

Tunanyanyua. Bamba hili lina kilo kama 68, watu wawili, magoti yapinde, mgongo unyooke. Moja, mbili, haya. Klampu. Klampu nyingine. Pima maji... sawa.

Kuchomelea. Nukta ndogo, kisha ruka sentimita 20, nukta nyingine. Halafu hamia upande wa pili kabisa. Usikimbize mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, bamba la milimita 2 litajikunja kama chapati kwenye kikaango.

Ngoja. Ngoja kwanza. Dogo, usizime, acha waone. Tazameni bamba kutoka huku pembeni, mwanga unavyolala juu yake. Limevimba katikati. Mnaliona lile tumbo? Hapa nilipiga nukta tatu karibu karibu, joto likajaa mahali pamoja. Samaki mkunje angali mbichi: bado ni nukta tu, kwa hiyo nazikata hizi tatu kwa grenda, naliachia bamba lipoe... weka mkono, sasa ni baridi... naongeza paipu moja ya wima kwa nyuma, navuta kwa klampu, napiga nukta moja. Tunasubiri. Nyingine. Haya, rudi pale pembeni na kamera. Limelala.

Imetula nusu saa hiyo, lakini tumbo kama lile ukilipakia rangi litaonekana kutoka mbali, na bamba nene halivimbi hivyo. Jicho la mtu linajua hata kama yeye hajui kwa nini.

Mabamba matatu yaliyobaki, dogo, harakisha.

Sasa ukingo, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Bamba letu ni la milimita 2, la kweli lilikuwa nene. Kwa hiyo tunachukua nondo ya mraba ya milimita 10, tunaichomelea juu kuzunguka ukingo wote, sehemu ya nje ikiwa sawasawa na uso wa bamba. Halafu tunajaza mshono kwa puti, tunasaga, tunapiga msasa. Tazama sasa. Ukipitisha kidole juu, unagusa chuma cha milimita 10. Hiyo nondo yote haifiki kilo 10, na imebadilisha lori zima. Fanya hivyo hivyo kwenye tundu la kuchungulia na kwenye kila mahali ambapo mtu anaweza kuona unene.

Kwenye plaiwudi ya ndani, ukingo wa juu unafunikwa kwa kipande cha bati kilichokunjwa kama herufi U. Maji yasiingie kwenye mbao. Uwazi kati ya kuta hizi mbili ni upana wa paipu yetu, na chini kabisa acha matundu ya kutoa maji, kila nusu mita. Boksi lisilo na matundu ni tangi.

Mishono. Watu wananiuliza, nisage mishono yote iwe laini? Hapana! Ya nje iache ionekane. Wale vijana hawakuwa na muda wa kusugua. Mshono uwe imara, uwe mnene kiasi, ila usiwe mchafu. Mimi nikimaliza napita tu na brashi ya waya.

Kufunga boksi kwenye bodi: boliti nane, kila kona mbili, zenye wosha pana chini. Boksi linashika bodi. Halishiki chasisi, halishiki kebini. Nimesema halishiki nini? Kebini. Kabla ya kukaza boliti, ingiza tena vidole vinne kule mbele, kulia na kushoto. Mimi nimepata 75 kushoto na... kulia 68. Mnaona? Wakati tunanyanyua limesogea. Nalegeza, nasukuma kwa jeki ya pembeni polepole, sasa 74. Nakaza.

Deraya ya mlango wa kebini ni bamba moja, milimita 2 pia, inakaa kwenye mlango kwa boliti nne na vipande vya mpira katikati. Usitumie bamba zito hapa, bawaba za mlango hazikuumbiwa. Upande wa abiria angalia bomba la moshi lililosimama wima, bamba lisilikaribie.

Rangi. Praima mara mbili, kisha kijani cha jeshi cha enzi ile, namba 24087, chenye mng'ao wa wastani. Baadhi ya malori yale yalipakwa nyeusi ya kung'aa, na yalipendeza mno, lakini mimi moyo wangu uko kwenye kijani. Jina la lori linaandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, kwa mkono na brashi, bila stika. Langu bado halina jina. Nataka nilichague bila haraka.

Rashasha za juu ni mbao na mabomba ya plastiki. Kabla hujatoka nazo barabarani, waulize polisi wa kwenu sheria inasemaje, kwa sababu kutoka mbali haionekani kama ni ya mbao.

Mwisho, majaribio. Rudisha betri, jaza upepo wa breki, na kwanza jaribu breki uwanjani kwa mwendo mdogo, lori sasa lina karibu nusu tani juu yake. Nimebandika kipande cha karatasi kati ya kebini na boksi, kimeshikwa kwa gundi pande zote mbili. Napandisha gurudumu la mbele kulia juu ya gogo, polepole... polepole... Dogo, uko nayo kamera? Karatasi imekunjamana huku, kule imechanika. Kebini imeenda njia yake, boksi njia yake. Fungua mlango. Umefunguka. Kioo cha nyuma kizima.

Nashuka kwenye gogo, napima tena. 74. Mvua inaanza na puti ya upande wa kushoto bado mbichi, kwa hiyo nalikimbizia ndani.