Taa za Nyongeza: Kazi Iko Chini ya Siti

(Mazungumzo ya jioni mbele ya waendesha pikipiki wa safari ndefu, Morogoro)

Habari za jioni, ndugu zangu. Naona wengine mmekuja na maboksi ya taa mkononi, hayajafunguliwa hata gundi. Yaacheni hivyo hivyo, maana sehemu kubwa ya maneno yangu leo haihusu taa. Inahusu nyaya.

Nianze na aibu yangu. Seti yangu ya kwanza niliifunga mwenyewe nyumbani, Jumapili moja, nusu saa tu. Nilikwangua waya wa taa kubwa, nikasokotea waya mpya juu yake, nikazungushia tepu, nikajiona fundi. Ziliwaka kama mchana. Wiki mbili baadaye napanda mlima wa Kitonga, saa moja jioni, lori mbele, lori nyuma, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikasema hizo ni breki za lori. Mara giza! Taa kubwa nayo ikaondoka. Nilisukuma pikipiki hadi pembeni nikimulikiwa na simu. Kesho yake nilipofungua swichi ya kwenye hendeli, vyuma vya ndani vilikuwa vimezama kwenye plastiki iliyoyeyuka. (Kicheko.) Chekeni tu, wapo humu waliofunga hivyo hivyo.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Taa zile zilikuwa za halojeni, wati 55 kila moja. Mbili ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 9 na kitu. Swichi ya hendeli ilitengenezwa ibebe taa yake moja, mimi nikaibebesha tatu. Taa za LED za siku hizi ni nafuu zaidi: mbili za wati 20 zinakula ampea 3.3 hivi. Lakini hata hizo usizipitishe kwenye swichi ya kiwandani.

Ndiyo maana tuna rilei, swichi inayofunguliwa na umeme badala ya kidole. Ichukulie kama bawabu wa geti. Bosi hasukumi geti kwa mkono wake. Anapiga honi kidogo, bawabu anafungua, lori linapita. Honi hiyo ni umeme mdogo tu. Geuzeni rilei muone namba chini yake: 30, 87, 85, 86. Namba 30 inatoka betri moja kwa moja, kupitia fyuzi. Namba 87 inakwenda kwenye taa. 85 unaipeleka hasi. 86 ndiyo inayopokea honi, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Wengi huichukua 86 kwenye waya wa swichi ya ufunguo. Ukiwasha pikipiki, taa zipo tayari. Mimi nasema ichukue kwenye waya wa fulu, ule mwanga mkali wa taa kubwa, kisha upitishe kwenye kaswichi kako kadogo. Ukiwasha fulu, zinawaka. Ukidimu, yaani ukishusha mwanga, zinazimika zenyewe. Mtu anayekuja mbele yako anapiga dimu, wewe unajibu kwa kidole kimoja, basi. Ukizifunga bila kuziunganisha na fulu, utadimu taa kubwa huku mbili za chini zikiendelea kumchoma macho dereva wa basi. Na dereva aliyepofushwa anakuja upande wako, hataenda kwa mwingine.

Waya wa fulu utaujuaje? Rangi zinatofautiana kwa kila kampuni, usimwamini jirani. Chukua mita ya kupimia umeme, weka kwenye DC (umeme wa betri), hasi kwenye betri, chanya uguse waya. Fulu ikiwaka isome volti 12 na kitu, ukidimu ishuke sifuri. Kuna pikipiki ndogo ambazo taa kubwa inang'aa ukivuta mafuta na kufifia ukiachia. Kwenye hizo taa kubwa haili betri, inakula moja kwa moja koili inayozalisha umeme kwenye injini, na rilei itapiga kelele kama chura. Kwa hizo tumia waya wa ufunguo, na kuzima uzime mwenyewe kwa kidole gumba. Wenye BMW zenye kompyuta nao wasikate waya wowote wa taa: kompyuta itaona mabadiliko na kulalamika.

Fyuzi. Kwa ampea 3.3 weka ya 5, na iwe karibu na betri, isizidi shubiri moja. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka kule mbele karibu na taa, waya ukichubuka chini ya tangi, moto utatokea nyuma ya mlinzi.

Waya wenyewe uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi. Ule wa nyumba, wenye uti mmoja, hauna kazi hapa. Mtikisiko wa pikipiki unauvunja ndani kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Kabla ya kuubana, geuza hendeli kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Ukivutika, legeza. Karibu na taa uache uning'inie kidogo kabla ya kuingia, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuingia ndani.

Kwenye betri anza kutoa hasi, maliza kwa kurudisha hasi. Spana ikigusa fremu wakati unafungua chanya na hasi bado ipo, utaona cheche usizozisahau.

(Mtu anauliza: betri itahimili?) Swali zuri. Muulize mita. Injini ikiwa imechangamka, taa zote zimewaka, pima betri. Ikisoma volti 13.5 mpaka 14.4, umepona. Ikibaki chini ya 13 hata ukivuta mafuta, unakula kuliko unachozalisha, na asubuhi utasukuma.

Mwisho, kulenga. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mwenyewe juu na mizigo yako yote, maana mizigo inainua pua. Pima kimo cha katikati ya taa, weka alama ukutani, kisha shusha kiini cha mwanga sentimita 5 chini ya alama. Taa ikiwa sentimita 70 toka chini, mwanga utagusa barabara mita 70 mbele. Kwa kilomita 80 kwa saa, mita 70 unazimaliza kwa sekunde tatu na kidogo. Ndiyo maana mwenzenu, pamoja na taa zote hizi, nikifika Mikumi jua likizama nalala. Barabara inakata mbuga kilomita 50 hivi, na nyati mweusi juu ya lami nyeusi hajali umenunua taa za bei gani.

Haya, giza limeingia. Ukuta wa ghala ule pale. Mwenye futi aje nayo, na mmoja apakie mabegi yake yote.